Treni ya chini ya ardhi au teksi? Kwa mama mwenye magoti mabovu, hesabu ngazi kwanza

Swali la msomaji wa Mombasa: Mwezi ujao naenda London na mamangu mwenye miaka 71 na mwanangu wa miaka 9. Mama ana miadi mitatu ya macho hospitali ya Moorfields, na tutakaa majuma matatu kwa kakangu, Ilford. Mama ana maumivu ya magoti. Ngazi kumi huzipanda, ishirini zamshinda. Kakangu asema tutembelee treni za chini ya ardhi, kwani teksi za huko zitatufilisi. Shemeji yangu asema tusithubutu kumtia mama shimoni, tuchukue teksi tangu uwanja wa ndege hadi siku ya kurudi. Ndege yatua Heathrow, Terminal 4, saa 12 na nusu asubuhi, na masanduku tunayo manne. Tumsikilize nani?

Jibu:

Dada yangu, kwanza mfikishie Bi mkubwa shikamoo zangu, na Mungu amjaalie nuru ya macho yake.

Nimekaa London miaka 21. Saba ya mwanzo niliendesha gari la abiria, yale ya kuagiza kwa simu. Tisa iliyofuata nilikuwa mtu wa mageti katika vituo vya treni ya chini ya ardhi, na siku hizi kazi yangu ni kuwapangia safari wazee na wagonjwa wanaokuja mjini. Kwa hiyo kaka yako na shemeji yako wote wawili nawaelewa, maana nimekula mkate wa pande zote mbili. Kila mmoja ameshika nusu ya neno. Kaka yako anahesabu pesa, shemeji yako anahesabu hofu, na hakuna aliyehesabu ngazi. Mtu mwenye magoti kama ya mama safari yake hupimwa kwa ngazi, na kwa mara anazobadilisha gari. Dakika na pauni huja nyuma.

Nikizihesabu hizo, jibu langu linakuwa kinyume cha mazoea ya wageni wengi. Wageni huchukua teksi siku ya kushuka kwenye ndege, kwa sababu wamechoka na mizigo ni mingi, kisha siku za hospitali hujibana na kurudi kwa treni. Ninyi geuzeni. Siku ya uwanja wa ndege pandeni treni. Pesa ya teksi iwekeni kwa ajili ya kumrudisha mama kutoka kwa daktari.

Nianze na hospitali, kwa kuwa ndiyo iliyowaleta. Katika kupima macho, mara nyingi daktari humtia mgonjwa matone ya kupanua mboni ili aone ndani ya jicho. Matone hayo hudumu saa kadhaa. Kwa muda huo mama ataona ukungu, mwanga utamchoma, na ukingo wa ngazi utampotea kabisa. Mchukue mtu wa miaka 71 asiyeona ukingo wa ngazi, magoti yake hayaaminiki, umweke kwenye ngazi za umeme zinazotembea na watu wanampita upande wa kushoto wakikimbilia treni. Niliposimama mageti niliwaona wazee wa namna hiyo wakifika chini wameshika mkono wa ngazi kwa mikono miwili, jasho likiwatoka, na binti pembeni akisema, "Mama, twende, twende." Binti hana kosa, hakuambiwa. Wewe nakuambia: asubuhi mama aende kwa treni akiwa anaona, mchana arudi kwa gari. Na umchukulie miwani ya jua, hata kama mbingu ni za kijivu.

Gari hilo la kurudi liagize mapema. Hapa kuna jambo ambalo shemeji yako hakulitenganisha, kwamba London ina teksi za aina mbili, na sheria zake ni mbali mbali.

Ya kwanza ni ile teksi nyeusi ya mviringo inayoonekana kwenye picha. Taa yake ya juu ikiwaka, iko huru, unainua mkono barabarani nayo inasimama. Ina mita, na mita husoma mwendo pamoja na muda, kwa hiyo gari likikwama kwenye foleni pesa zinaendelea kupanda. Bei ni ya gari zima, hamlipi kwa kichwa. Zote zina ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu, zote hupokea kadi, na sakafu yake ni pana, mama anaweza kunyoosha miguu. Dereva wake ni mtu wa kuheshimiwa. Tangu mwaka 1865 kumekuwa na mtihani unaoitwa Knowledge: mtu hukariri njia 320 na maelfu ya mitaa iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, pamoja na hospitali, mahakama, hoteli na misikiti iliyomo, na wengi huchukua miaka mitatu au minne kufaulu. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake wa chuo cha University College London, UCL, walipima ubongo wa madereva hao wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu za mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Nilipokuwa naendesha gari la kuagiza niliwaonea wivu. Mimi nilikuwa na ramani ya simu, wao wana jiji zima kichwani. Mwambie mmoja wao, "Moorfields, City Road," utaona hakuulizi la pili.

Ya pili ni gari la kawaida la kuagiza, kama Bolt na Uber mnazozitumia Nyali na Bamburi. Programu hizo hizo zinafanya kazi London. Ila hapa gari la namna hii ni marufuku kuokota abiria barabarani, lazima liwe limeagizwa kupitia kampuni yenye leseni. Mtu akikujia ukumbini pale Heathrow akikunong'oneza, "Teksi, dada? Teksi?" huyo anavunja sheria, na bima yake huenda haikuhusu. Mpite kama hukumsikia. Kabla ya kupanda gari mliloagiza, tazameni namba ya gari, mwacheni dereva ataje jina lenu yeye kwanza, na mwangalie kibandiko cha leseni kwenye kioo. Tofauti nyingine ni malipo: kwetu unamaliza na dereva kwa M-Pesa au noti, hapa programu hukata kwenye kadi. Unganisha kadi yako ungali Mombasa, wakati namba yako inapokea ujumbe wa uthibitisho bila shida.

Sasa ipi kwa mama? Kutoka mlango wa hospitali hadi Ilford ni kama kilomita 13. Kwa teksi nyeusi mita itazidi pauni 50 bila taabu. Gari la kuagiza litakutajia bei kabla hujapanda, na mara nyingi ni nafuu zaidi, kwa hiyo kwa safari hiyo ndefu agiza. Teksi nyeusi ina thamani kwenye vipande vifupi, kwa mfano kutoka kituo cha Liverpool Street hadi hospitali, ambako kwa pauni kumi hivi mama anafikishwa mlangoni. Huko Ilford kwenyewe hamtaziona sana teksi nyeusi, kwani zinakaa katikati ya jiji, kwenye stesheni kubwa na viwanja vya ndege.

Nakuja kwenye treni, na hapa nataka mama asikilize na yeye, maana neno "shimoni" la shemeji yako limeshamwingia.

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, na treni zake zilivutwa kwa mvuke. Moshi ulijaa handakini. Hofu ya shemeji ingekuwa na haki yote mwaka ule. Leo mtandao huo una laini 11 na vituo 272, na zaidi ya nusu ya njia zake ziko juu ya ardhi, treni inapita nyuma ya nyumba za watu unaona nguo zimeanikwa. Lakini ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya mtandao wa zamani haikujengwa kwa watu wa magoti mabovu. Takriban thuluthi moja tu ya vituo unaweza kufika kwenye treni bila ngazi. Covent Garden, ambako kila mgeni hutaka kwenda, ina lifti, na lifti ikiharibika kuna ngazi 193 za kuzunguka. Nilipokuwa kazini, katika kituo kimoja chenye ngazi za namna hiyo, nilikuta familia kutoka pwani yetu imekaa katikati ya ngazi na masanduku, baba mzee hawezi kupanda wala kushuka. Tuliwatoa mmoja mmoja. Ilichukua karibu saa nzima, na mzee alikuwa akiniomba radhi mimi, kana kwamba kosa ni lake.

Bahati yenu ni kwamba Ilford iko kwenye laini ya Elizabeth. Laini hii ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022. Rasmi haihesabiwi kuwa sehemu ya Underground, yaani ule mtandao wa laini 11, ingawa inapita chini ya jiji na mnalipia kwa kadi ile ile ya benki. Ina vituo 41, na vyote unaweza kutoka barabarani hadi jukwaani bila kupanda ngazi hata moja. Katikati ya jiji majukwaa yana ukuta wa vioo na milango inayofunguka sambamba na ya treni, hakuna pengo la kutia mguu. Kuna ubaridi wa mashine, behewa ni pana, na viti vya wazee viko karibu na milango. Mama ataona ni ukumbi mrefu unaokwenda. Kuanzia Ilford treni inakimbia juu kwenye mwanga, na inaingia handakini baada ya Stratford tu.

Kwa hiyo siku ya kuwasili mambo yaende hivi. Ukiwa bado Mombasa, liombe shirika la ndege kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama; ni huduma ya bure, na watamsukuma kutoka mlango wa ndege, kupitia uhamiaji, hadi ukumbi wa kutokea. Mwambie kaka yako aje kuwapokea kwa treni, asije na gari. Pale Terminal 4 mtashuka kwa lifti hadi kituoni. Ni kituo cha mwisho cha tawi lile, treni huanzia hapo, kwa hiyo mtaikuta tupu hata ikiwa saa mbili asubuhi na nusu ya London inaenda kazini. Mama atapata kiti na masanduku yatapata pa kukaa. Treni za Terminal 4 huelekea Abbey Wood, hazifiki Ilford. Shukeni Liverpool Street, msiende popote, simameni kwenye jukwaa lile lile hadi ije iliyoandikwa Shenfield. Hiyo ndiyo ya Ilford. Kwenye vituo vya nje, kama Ilford, kunaweza kuwa na kidato kati ya treni na jukwaa. Mwambie mtu wa kituo pale mnapoanzia, atapiga simu mbele na mtamkuta mwenzake anawasubiri na ubao wa kupitia. Huhitaji kuagiza siku moja kabla. Usione haya kuomba, nasi tuliokuwa tukifanya kazi hiyo tulifurahi kuombwa mapema kuliko kuitwa mtu ameanguka.

Utaniuliza, kwa nini nisiwapakie tu kwenye gari na masanduku manne? Kwa sababu nimeiendesha safari hiyo. Heathrow iko magharibi kabisa ya London, Ilford iko mashariki, na kati yao kuna jiji zima au barabara ya kulizunguka, na zote asubuhi zimejaa. Ijumaa moja jioni nilimchukua mama na binti zake wawili kutoka Heathrow hadi mashariki ya mji. Tulitumia saa mbili na dakika ishirini. Binti mmoja alitapika mara mbili, mama yao alihitaji choo na hapakuwa na pa kusimama, na muda wote ule reli ilikuwa kando yetu treni zinatupita. Walinilipa pesa nyingi, nami nikarudi nyumbani moyo mzito. Ninyi wawili kwa treni hamtalipa hata nusu ya gari. Mwaka 2025 nauli ya laini ya Elizabeth kutoka Heathrow hadi katikati ya jiji ilikuwa pauni 13.90 kwa mtu mzima, na mtoto wa chini ya miaka 11 akiwa na mtu mzima hupita bure. Teksi nyeusi kutoka Heathrow hadi katikati ya jiji, ambako kwenu ni nusu ya safari, huanzia pauni 60 na zaidi, na kwenye foleni huvuka 100.

Kaka akikosa ruhusa ya kazini, nabadilisha neno. Wewe peke yako, mama, mtoto na masanduku manne hamuwezi. Hapo agizeni gari kwa bei iliyokatwa kabla, kaeni kwanza Terminal 4 mnywe chai hadi saa tatu na nusu ipite, ndipo mwondoke. Au punguzeni masanduku yawe mawili. Najua mmemfungashia kaka achari na visheti, lakini fikirieni.

Siku za miadi: ikiwezekana, andikia hospitali uombe miadi ya saa tano asubuhi au baadaye. Saa za msongamano, kwa saa zetu, ni kuanzia 12:30 hadi 3:30 asubuhi na kuanzia 10 jioni hadi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Katika saa hizo nauli ya treni hupanda, na zaidi ya nauli, hakuna pa kuweka mguu. Mkitoka Ilford saa nne kasoro mtakaa, na kwa kama dakika 20 mko Liverpool Street. Gari kwa saa hizo hizo huchukua saa nzima, pengine zaidi.

Pale Liverpool Street angalieni jambo moja linalowachanganya hata wenyeji. Treni ya Elizabeth ina urefu wa zaidi ya mita 200, na jukwaa lina njia ya kutokea kila upande. Upande mmoja unatokea Liverpool Street yenyewe, kwenye foleni ya teksi nyeusi, na mwingine unatokea Moorgate, mtaa mwingine kabisa. Mama asitembezwe mita 200 kwa kukosea mlango. Amueni kabla: mkienda kwa teksi, fuateni vibao vya Liverpool Street, na mkienda kwa basi, fuateni vya Moorgate.

Nimetaja basi, na nasikitika kwamba kaka na shemeji wote wamelisahau. Basi jekundu la London sakafu yake ya chini iko karibu usawa wa njia ya miguu, dereva anaweza kuliinamisha na kutoa ubao, viti vya mbele ni vya wazee, na nauli mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75 kwa kupanda na kushuka mabasi yote unayotaka ndani ya saa moja. Hakuna ngazi hata moja kama mama atabaki chini. Kutoka Moorgate basi namba 43 hupita City Road, kwenye hospitali. Ubaya wa basi ni foleni, lakini kwa kipande kifupi kama hicho foleni haidhuru. Mwanao mpandishe ghorofa ya juu, siti za mbele, huku wewe ukikaa chini na bibi yake siku ambayo kaka yupo. Basi halipokei pesa taslimu tangu mwaka 2014, usije ukamnyoshea dereva noti.

Malipo ni rahisi mkijua kanuni moja. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya mawimbi ya kugusa inatosha kwa treni na basi. Mtu mzima mmoja, kadi moja: wewe na ya kwako, mama na ya kwake. Treni gusa unapoingia na gusa unapotoka, kwa kadi ile ile. Ukiingia na kadi na kutoka na simu, hata kama simu imeunganishwa na kadi hiyo hiyo, mashine huona watu wawili ambao kila mmoja hakumaliza safari, na wote hutozwa nauli ya juu. Nimewaona watu wakilia mageti kwa jambo hili. Basi gusa mara moja tu, unapopanda. Mashine hujumlisha safari za siku nzima na ikifika kiwango fulani huacha kukata. London imegawanywa kwa kanda za nauli, kuanzia ya 1 iliyo katikati. Kwa kanda za 1 na 2 mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa pauni 8.90, na Ilford iliyo kanda ya 4 kiwango chake ni kikubwa zaidi. Jumla hukatwa mara moja kwa siku, kwa hiyo hata ada ya benki yako ya kubadilisha fedha huja mara moja. Mama asiombe kadi ya bure ya wazee, ile ni ya wakazi. Mtoto hahitaji kadi, piteni naye kwenye geti pana au mwiteni mtu wa kituo awafungulie. Na bei hizi hupandishwa takriban kila Machi, kwa hiyo ongeza kidogo kwenye hesabu yako.

Sasa onyo ambalo lingekuwa la kwanza kama mngekuwa mnakaa mtaa mwingine. Karibu na Ilford kuna kituo kiitwacho Gants Hill, cha laini ya Central, na pengine kiko karibu zaidi na nyumba ya kaka. Atakwambia, "Tupitie hapa, ni hatua mbili." Kataa. Gants Hill haina lifti. Na Central, iliyofunguliwa mwaka 1900, ni miongoni mwa laini zenye joto kali kuliko zote. Udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki umenyonya joto la treni kwa zaidi ya miaka mia moja, na sasa hauna pa kulitoa. Kiangazi mabehewa huvuka nyuzi 30, na hayana mashine ya ubaridi. Sisi wa Mombasa tumezoea joto, lakini joto letu lina upepo wa bahari. Mama apelekwe stesheni ya Ilford, hata ikibidi kumlipia gari la dakika tano. Ni kama mnavyolipa tuktuk kufika stesheni ya SGR kule Miritini. Hakuna anayeona hiyo ni pesa iliyopotea.

Siku za kutembea, msiamini umbali wa ramani ya treni. Harry Beck aliichora mwaka 1931, ikatolewa kwa umma mwaka 1933, na uzuri wake ni kwamba inaonyesha mpangilio wa vituo na kuacha umbali wa kweli. Leicester Square na Covent Garden zinaonekana vituo viwili, kumbe kati yake hapafiki mita 300, unatembea huku unaangalia maduka. Kwa mama chukueni ramani yenye alama za viti vya magurudumu. Alama nyeupe ndani ya duara la buluu maana yake hakuna ngazi kutoka barabarani hadi ndani ya treni. Alama ya buluu juu ya nyeupe maana yake hakuna ngazi hadi jukwaani, ila kuna kidato cha kuingilia. Wekeni vituo vyenye alama hizo mbili peke yake kwenye mipango yenu. Westminster ni mojawapo ya vile vya buluu, na mtatokea moja kwa moja chini ya mnara wa saa. Jumamosi na Jumapili tazameni kwanza kama laini imefungwa kwa matengenezo. Usiku sina maneno mengi: mama akichelewa kwa jamaa hadi saa tano, agizeni gari.

Jambo la mwisho ni la mwanao. Kutoka stesheni ya Old Street hadi mlango wa Moorfields kuna mstari wa kijani uliochorwa chini, kwenye njia ya miguu, kwa ajili ya watu wenye macho dhaifu. Kwa treni msipitie Old Street, kwa sababu ya ngazi, lakini basi namba 43 linasimama hapo. Miadi ya tatu, mama akiwa ameshauzoea mji na goti limetulia, shukeni Old Street, mwambie mtoto amshike bibi mkono, na mstari huo aufuate yeye mbele, wewe ukija nyuma na mkoba wa karatasi za daktari.